Programu ya studio ya nyumbani: hela yako inanunua nini hasa

Kama una kompyuta yenye programu mbili za kutengenezea muziki, hata zile za majaribio, jaribio hili unalimaliza jioni moja. Tafuta mafaili manne ya WAV ya wimbo wowote: ngoma, besi, gitaa na voko (sauti ya mwimbaji). Yaingize kwenye programu ya kwanza, usiguse kitelezi, usiweke riverbu (mwangwi) wala kitu kingine, kisha utoe wimbo mzima kuwa faili moja. Rudia hivyohivyo kwenye programu ya pili. Sasa yachukue yale mawili yaliyotoka, yaweke kwenye treki mbili zinazoanza pamoja, na moja lipindue wimbi lake, palipokuwa na kilima pawe bonde. Bonyeza kucheza. Ukiwa umepanga sawasawa, na mipangilio ya programu zote mbili ikiwa inalingana, utakachosikia ni kimya. Kilima cha huku kimejaza bonde la kule, hakuna kilichobaki.

Maana yake ni kwamba zile programu mbili zimetoa kitu kilekile. Na isingeweza kuwa vingine, kwa sababu kumiksi ndani ya kompyuta, ukiondoa madoido yote, ni kujumlisha namba. FL Studio inatengenezwa Ubelgiji, Reaper inatengenezwa Marekani, na mbili jumlisha tatu ni tano kote kuwili.

Naanzia hapa kwa sababu karibu kila anayeniuliza anunue programu gani huanza na “ipi ina saundi nzuri?” Hilo swali limekula hela za watu wengi. Ukishaliweka pembeni, yanabaki maswali ambayo yana majibu: unafanya kazi gani, kompyuta yako inabeba nini, na ile karatasi ya leseni inakuruhusu nini.

Lakini subiri, msomaji mwenye masikio atanikatalia. Atasema ameweka biti ileile kwenye FL na kwenye programu nyingine, na ya FL “imepiga” zaidi. Anasema kweli, ameisikia. Kwa miaka mingi mradi mpya wa FL Studio umekuwa ukifunguka na limita ikiwa tayari imekaa kwenye chaneli kuu, kabla wewe hujagusa chochote. Limita inabana vilele na kukuacha usukume sauti juu, na sikio la binadamu likisikia kitu kimepanda kidogo hulitafsiri kuwa kizuri. Itoe ile limita, ulinganishe tena. Sababu ya pili ni jinsi kila programu inavyohesabu nguvu ya sauti unapoipeleka kushoto au kulia. Nyingine huishusha kidogo ikiwa katikati, nyingine huiacha ilivyo. Ni mpangilio tu, unabadilishwa kwenye menyu.

Tofauti za kweli zipo, ila ziko kwingine. Vyombo vinavyokuja na programu havifanani. Ikwalaiza (ya kupandisha na kushusha besi au sauti nyembamba) na kompresa (ya kusawazisha nguvu ya sauti) zake hazifanani. Namna inavyonyoosha au kufupisha sauti bila kubadilisha ufunguo, hapo utasikia tofauti waziwazi, hasa kwa watu wa singeli wanaochukua kipande cha taratibu na kukikimbiza mpaka kivuke mapigo 200 kwa dakika. Kubwa kuliko zote ni namna programu inavyokutaka ufikiri.

Sasa tuje kwenye kazi. Studio za nyumbani ninazozijua ziko za aina mbili, hata kama mwenye nayo anasema anafanya vyote. Kuna ya mtengeneza biti na kuna ya mrekodi sauti. Wa kwanza anaanza na duara fupi la ngoma, analirudia, analipandishia besi, kinanda, anapanga vipande mpaka wimbo unasimama. Wa pili ana mtu mbele ya maiki, na shida yake ni kurekodi mara saba, kuchukua mstari wa kwanza wa mara ya tatu na wa pili wa mara ya sita, kuviunga bila mshono kuonekana.

FL Studio ilizaliwa mwaka 1997 ikiitwa FruityLoops, na jina lile la zamani linakuambia kila kitu: ni mashine ya kuzungusha. Kisanduku chake cha hatua kumi na sita bado ndicho mlango rahisi zaidi ninaoujua wa kumwingiza mtu kwenye utengenezaji wa biti. Kijana ambaye hajawahi kugusa kinanda anakaa, anabofya vitufe vinne vya kiki, viwili vya sneya, na ndani ya dakika kumi anatikisa kichwa. Ukitaka chakacha au ngoma yoyote ya sita kwa nane, visanduku kumi na sita vinakuwa gereza mpaka ujue pa kubadilisha kipimo. Toleo la 20, la mwaka 2018, ndilo lililoleta mpangilio rasmi wa vipimo vya mapigo, kwa hiyo masomo ya video ya kabla ya hapo yanakuzungusha bure.

Kasheshe ya FL iko kwenye matoleo yake. La bei ya chini, Fruity, ni dola 99. Watu walikuwa wakiliona, wakifurahi, wakilipa, wakichomeka maiki, kisha wakianza kuuliza kwenye makundi ya WhatsApp kwa nini hairekodi. Kwa miaka mingi toleo hilo halikuwa na uwezo wa kurekodi sauti ya mtu ndani ya wimbo. Lilikuwa la biti. Aliyetaka kurekodi alitakiwa apande hadi Producer, ambalo bei yake imekuwa ikicheza kati ya dola 180 na 200. Kabla hujalipa toleo lolote, fungua jedwali lao la kulinganisha na utafute mstari wa kurekodi sauti. Ule mmoja tu. Mingine utaisoma baadaye.

Ila FL ina jambo moja ambalo katika soko hili ni nadra, na kwangu ndilo linaloihalalishia bei: ukinunua mara moja, matoleo mapya yote ya mbele unayapata bila kuongeza senti. Aliyenunua ikiwa bado FruityLoops anaweza kupakua ya leo.

Reaper ni mnyama mwingine kabisa. Aliyeianzisha, Justin Frankel, ndiye aliyetengeneza Winamp, ile tuliyochezea MP3 kwenye mikahawa ya intaneti. Faili lake la kusakinisha lina chini ya MB 20, wakati la FL ni GB 1 hivi. Kwa anayenunua bando, hiyo peke yake ni habari. Unaipakua kwa simu ukiwa kwenye daladala, unaihamishia laptopu kwa fleshi. Leseni yake ni dola 60 kwa mtu binafsi, au kwa biashara ambayo mapato yake kwa mwaka hayavuki dola 20,000. Ukivuka hapo unatakiwa ulipe dola 225, na siku ukivuka nadhani hutalalamika. Hakuna toleo dogo wala kubwa. Aliyelipa 60 na aliyelipa 225 wanafungua kitu kilekile. Leseni inakubeba toleo kuu ulilonunua na linalofuata.

Ubaya wake? Ukiifungua mara ya kwanza inakutazama tu. Hakuna ngoma, hakuna piano ya maana, rangi yake ni ya kijivu kama ofisi ya serikali. Ikwalaiza na kompresa zake ni hodari kweli ila sura hazina. Mtengeneza biti atakaa nayo nusu saa aifunge. Mrekodi sauti, akishajua kuunganisha vipande, hataki tena kutoka.

Basi tulifungue hilo neno “bure”, maana limebeba vitu vingi visivyofanana.

Kuna bure ya majaribio. Reaper inakupa siku 60 na kila kitu kikiwa wazi. FL inakuachia ujaribu bila kikomo cha siku, lakini mradi ukishauhifadhi na kuufunga hutaufungua tena mpaka ununue. Unaweza kutengeneza biti, kuitoa kama WAV, basi. Kwa mwenye kompyuta ya mezani kwenye mtaa ambao umeme unakatika saa mbili usiku bila kuaga, huo ni mchezo wa kamari.

Kuna bure ya chambo, iliyokatwa mikono ili utamani kubwa yake. Pro Tools Intro ni mfano mzuri: jina kubwa, hulipi kitu, lakini treki za sauti ni nane. Hesabu mwenyewe. Voko kuu moja, marudio mawili, za pembeni nne, zimeshakuwa saba. Ya nane ndiyo biti. Umemaliza, na kiitikio bado hujakijaza. Haitoshi kwaya, inatosha kujifunza.

Kuna bure ya kufungwa pamoja na kifaa. Saundikadi (kifaa cha kuchomekea maiki kwenye kompyuta) za Focusrite Scarlett huja na Ableton Live Lite, zile za Steinberg za familia ya UR huja na Cubase AI. Msimbo uko ndani ya boksi au kwenye akaunti unayoifungua baada ya kusajili kifaa. Watu wengi wameununua huo msimbo bila kujua, na boksi likatupwa. Ukinunua saundikadi ya mkononi mwa mtu, muulize kama aliisajili, kwa sababu msimbo unaweza kuwa umeshatumika.

Halafu kuna bure ya kampuni iliyoamua tu kutoa. Waveform Free haina kikomo cha treki na inakubali plagini za nje (vyombo na madoido ya kuongezea ndani ya programu), na kwa namna ambayo sijaielewa haitajwi sana huku kwetu. Cakewalk nayo ina kisa chake. Ilikuwa ya kulipia kwa miongo, mwaka 2017 mwenye nayo akatangaza kuacha kuiendeleza, mwaka 2018 BandLab wakainunua na kuigawa bure. Ni nzuri, ni ya Windows tu, na historia hiyo inakukumbusha kwamba bure ya kampuni hudumu kwa hiari ya kampuni. Mwenye Mac hana haja ya kusoma aya hii. GarageBand anayo tayari, na akiishiwa nafasi humo, Logic Pro ni dola 200 za mara moja, na miradi yake ya GarageBand itafunguka mle ilivyo.

Mwisho kuna bure ya uhuru, ambayo hata ndani ya programu unaruhusiwa kuchungulia: Ardour, LMMS. LMMS ni ya biti na inafanana kidogo na FL, ila matoleo yake thabiti hayarekodi maiki. Audacity iko kundi hili pia, lakini hiyo ni ya kukata na kusafisha sauti. Kutengenezea wimbo mzima ni kama kupika pilau kwenye birika.

Kwa asiye na kompyuta, BandLab ya simu inafanya zaidi ya watu wanavyodhani, ila kazi zako zinakaa kwenye mtandao, na kila ukifungua bando linapungua.

Sasa mashine yenyewe. Hapa ndipo programu nyingi hulaumiwa kwa kosa lisilo lao. Mwimbaji anavaa hedifoni, anaimba, na sauti yake inamrudia imechelewa, kama anaongea kwenye simu ya zamani ya kimataifa. Anasema programu mbovu. Kinachotokea ni hiki: kompyuta haipokei sauti tone kwa tone, inaikusanya kwenye ndoo ndogo inayoitwa bafa, ikijaa ndipo inaipeleka. Sauti ya kawaida ina sampuli (vipande vidogo vya sauti) 44,100 kwa sekunde. Ndoo ya sampuli 1,024 inachukua milisekunde 23 kujaa, na kwa kuwa sauti inaingia kwa ndoo na kutoka kwa ndoo, mwimbaji anasikia mara mbili ya hiyo, na zaidi kidogo. Ishushe hadi 128, inakuwa chini ya milisekunde 3 kwa ndoo moja. Lakini ndoo ndogo ina maana kompyuta inakimbia kwenda na kurudi mara nyingi zaidi, na laptopu dhaifu itaanza kukwaruza.

Dawa haiko dukani. Rekodi ukiwa na bafa ndogo na plagini chache, miksi ukiwa na bafa kubwa. Kwenye Windows tumia dereva la ASIO (programu ndogo inayounganisha saundikadi na kompyuta bila kuchelewesha sana) la saundikadi yako, na kama huna saundikadi, ASIO4ALL ni bure na husaidia. Saundikadi nyingi zina kitufe cha kumsikilizisha mwimbaji moja kwa moja kabla sauti haijapita kwenye kompyuta. Kibonyeze, tatizo limekwisha. Nimeona mtu akibadilisha programu tatu ndani ya mwezi mmoja kwa sababu ya kitufe ambacho kilikuwa sentimita tano kutoka mkono wake.

Diski nayo ihesabiwe. Treki moja ya mono kwa biti 24 (hizi ni biti za kompyuta, si za muziki) na sampuli 48,000 kwa sekunde inakula karibu MB 8.6 kwa dakika. Wimbo wa dakika nne wenye treki 20 ni kama MB 690, na hapo hujahesabu zile mara saba za kurudia. Kwa RAM ya GB 4 utafanya kazi, ila maktaba kubwa za vyombo zisahau, na jifunze kugandisha treki: programu inaigeuza treki yenye plagini nzito kuwa sauti ya kawaida, kompyuta inapumua.

Uhaba wa vyombo kwenye programu rahisi unazibika bila hela. Vital ni kinanda cha elektroniki kizuri mno kwa kitu kisicho na bei. TDR Nova ni ikwalaiza ambayo ninaitumia hata pale ninapokuwa na za kulipia. Wanaofanya taarabu wana shida yao ya pekee, kwa kuwa maqam (ngazi za noti za muziki wa Kiarabu) yana sauti zinazokaa katikati ya vitufe vya piano, na kinanda cha kompyuta cha kawaida huzikanyaga. Surge XT, nayo ya bure, inapokea mafaili ya tuni za Scala, kwa hiyo unaweza kuipandisha au kuishusha noti moja mpaka ikae pale inapokaa kwenye ile ala ya nyuzi iitwayo kanuni. Hilo hutalikuta kwenye orodha za “plagini kumi bora”.

Bado kuna tembo chumbani mwetu, au tuseme fleshi mfukoni mwetu. Programu za kukrakiwa. Nisijifanye mtakatifu, nilianza nazo, kama karibu kila prodyuza wa rika langu aliyeanzia chumbani kwao. Sitakuhubiria. Nitakueleza tu kilichonipata. Nilikuwa na toleo la kukrakiwa lililotoka kwa mtu aliyelipata kwa mtu. Lilifanya kazi miezi kadhaa. Siku moja nikafungua mradi wa albamu ya mteja, treki zote zikaonekana, plagini tano zikiwa kimya na hazijibu. Nilikuwa sijatoa hata treki moja kama WAV. Wiki hiyohiyo akaunti yangu ya barua pepe ikaingiliwa. Siwezi kuapa kwamba mawili hayo yalitoka mlango mmoja, lakini anayeondoa kufuli kwenye programu ya mtu na kuigawa bure anakuomba uzime kinga ya kompyuta yako kwanza, na wewe unaizima. Wakati ule kisingizio kilikuwa kwamba hakuna njia ya kulipa kutoka huku. Leo kadi pepe za pesa za simu zinalipia mtandaoni, na dola 60 kwa kiwango cha shilingi 2,600 ni 156,000. Kwa Kenya, kwa 130, ni 7,800.

Juzi mdogo wangu mmoja wa mtaani alikuja. “Kaka shikamoo. Nina laki nne, nataka nifungue studio ndani, ninunue FL ipi?” Nikamuuliza anafanya nini. Anarekodi kwaya ya kanisani kwao na wasanii wawili wa mtaa, biti huwa wanakuja nazo wenyewe. Laptopu yake ina RAM GB 4. Maiki anayo, hedifoni ni zile za kusikilizia simu, saundikadi hana.

Nikamwambia asinunue programu. Nilimwekea Reaper kutoka kwenye fleshi yangu, ile ya kutoka kwenye tovuti yao, siku 60 zikaanza kuhesabika palepale. Laki nne iende kwenye saundikadi na hedifoni zilizofungwa masikioni, na blanketi mbili nzito nyuma ya mwimbaji, hizo aziombe nyumbani. Kisha aweke pembeni elfu ishirini kila wiki kwa wiki nane. Siku ya mwisho ya majaribio leseni inakuwa imetimia, na elfu nne ya chenji.

Alinyong'onyea kidogo. Alitaka FL kwa sababu ndiyo anayoiona kwenye video za maprodyuza wakubwa. Nikamfungulia laptopu, nikamwambia aseme chochote kwenye maiki. Akasema “moja mbili, moja mbili”, akasikiliza, akaomba arudie, safari hii akaimba ubeti mzima wa wimbo wa kanisani. Ulipoisha akaniuliza jinsi ya kuongeza treki nyingine ili ajiitikie.